Anzia Mtaani: Milango ya Huduma kwa Watu wenye Ulemavu Tanga

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, wenyeviti na watendaji wa mitaa mliofika, wazee wetu shikamooni, ndugu zangu wenye ulemavu, wazazi na walezi: asalamu alaikum, na Bwana Yesu asifiwe. Mkalimani wa lugha ya alama amesimama kulia kwangu, penye mwanga wa dirisha. Walioketi wakimpa mgongo wageuze viti sasa, tutawasubiri.

Swali tulilopewa ni fupi: mtu mwenye ulemavu hapa Tanga apate wapi msaada? Jibu la vijiweni ni kwamba msaada uko Dar es Salaam, au kwa mfadhili, au kwa mbunge. Yote matatu huweza kuwa kweli siku mojamoja. Lakini huduma iliyo haki yako, isiyongoja huruma ya mtu, huanzia kwenye daftari la mtaa wako. Asiye na jina pale atazungushwa kwenye kila mlango atakaobisha. Kwa hiyo tunaanza na daftari, na tutakaa hapo muda mrefu kidogo.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ilitungwa baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Ndani yake zimo kamati za watu wenye ulemavu: ya kijiji au mtaa, ya kata, ya halmashauri, na ya mkoa. Kuna mitaa ambako kamati ni hai, na kuna mitaa ambako kamati ni karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa ofisi. Muulize mwenyekiti wako wa mtaa maswali mawili: wajumbe ni akina nani, na walikutana mara ya mwisho lini? Akikosa jibu la pili, hilo nalo ni jibu.

Wenyeviti nao tuwape hesabu ya kufanya nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Mtaa wenye watu 2,000 wa umri huo, kwa wastani huo, una watu 224. Kweli, sensa huuliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, hivyo humo wamo mabibi na mababu ambao macho yamefifia kwa uzee tu, na hawatajitaja kwa jina hilo. Ondoa nusu basi. Bado daftari lenye majina 12 halijasema kweli. Hao wengine wako wapi? Wengi wako vyumba vya uani, na baadhi ni watoto ambao hata jirani hajui kuwa wapo.

Mtu akienda kuandikwa, jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, au cheti cha kuzaliwa kama ni mtoto. Hapa ndipo shughuli nyingi hukwama. Kwenye kadi ya kliniki mtoto ni Mwanaidi Salimu, kwenye cheti ni Mwanaid Salim Bakari, na mtaani ameandikwa Mama Kubwa kwa sababu ndivyo anavyoitwa nyumbani. Ofisi inayofuata ikipokea karatasi tatu zenye majina matatu, inaona watu watatu. Karani hakufanyii ukatili. Hana njia ya kujua. Baada ya jina iandikwe aina ya ulemavu na, muhimu zaidi, kile ambacho mtu hawezi kukifanya bila msaada. Neno “mlemavu” peke yake halimwambii afisa chochote. “Hasikii kabisa, anatumia lugha ya alama, hajaenda shule” linamwambia kila kitu. Kisha namba ya simu ya mtu wa karibu, nayo ukiibadilisha rudi ukaseme. Vifaa vikiletwa, simu hupigwa mara moja, na isipopatikana kifaa huenda kwa anayefuata.

Kisha tengeneza bahasha. Bahasha ngumu ya kaki, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua za masika. Weka humo nakala tatu tatu za kitambulisho au cheti, picha nne za pasipoti, barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa yenye mhuri na tarehe, kadi ya chama kama ni mwanachama, na taarifa ya daktari. Asilia zibaki nyumbani, beba nakala.

Hiyo taarifa ya daktari ina mambo yake. Karatasi isemayo “mgonjwa ana tatizo la miguu” haina kazi popote. Kabla hujatoka chumbani mwa daktari, mwombe kwa adabu aandike mambo matano: ugonjwa au hali kwa jina lake, tangu lini, hali hiyo inamzuia kufanya nini, kifaa au huduma gani inapendekezwa, na jina lake na sahihi pamoja na mhuri na tarehe. Daktari hana kinyongo cha kuandika hivyo. Huandika kifupi kwa sababu foleni ni ndefu na hakuna aliyemwomba zaidi. Kwa mwanafunzi anayetarajia kuomba mkopo wa elimu ya juu, uthibitisho wa ulemavu hutakiwa usainiwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Usingoje wiki ya mwisho ya maombi. Waganga hao husafiri kikazi.

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa, na asiyeweza kuinama je? Huyo anahitaji mtu wa kumsogezea kitanda, na mtu huyo ana cheo na mshahara wa serikali. Anaitwa afisa ustawi wa jamii.

Watu huchanganya maofisa, na ndipo mtu anapopoteza nauli siku nne. Afisa ustawi wa jamii ndiye mlango wa mtu binafsi: msamaha wa matibabu, vifaa, mtoto aliyefichwa au kunyanyaswa, familia iliyoelemewa. Afisa maendeleo ya jamii ndiye mlango wa vikundi na mikopo. Mwenye shule ni afisa elimu maalumu wa halmashauri, naye mganga mkuu ndiye msemaji wa mambo ya zahanati na vituo vya afya. Jiji la Tanga ni moja tu kati ya halmashauri 11 za mkoa. Mtu wa Mkinga, Muheza au Pangani afuate halmashauri yake, hata kama Jiji liko karibu naye zaidi. Mtu wa Mabokweni na mtu wa ng'ambo ya mpaka wa Mkinga wanaweza kununua samaki kwenye soko moja, lakini mafaili yao yako ofisi mbili tofauti.

Na jambo la kulisema wazi: fomu ni bure. Ukimkuta kijana nje ya ofisi anayekuambia atakujazia kwa elfu kumi na “kuisukuma”, huyo ni kishoka. Na aliye ndani akidai chochote, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113, haitozi.

Tuingie hospitali. Mlango wa rufaa kwa mkoa wetu ni Bombo, lakini usianzie Bombo. Anzia zahanati au kituo cha afya, uandikiwe rufaa, kwani bila karatasi hiyo utapangwa na waliokuja bila utaratibu. Msamaha wa gharama upo kwa wasiojiweza, nao huamuliwa na ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali, kwa kuangalia barua ya mtendaji. Kosa linalorudiwa kila wiki ni kuomba msamaha baada ya matibabu, wakati bili imeshapanda na mgonjwa yuko mlangoni anataka kutoka. Pita ustawi siku ya kwanza, kabla ya kipimo cha kwanza. Kosa la pili ni barua isiyosema kipato. Mtendaji akiandika tu kwamba “ni mkazi wangu”, ameandika utambulisho na hakuomba msamaha. Aandike anaishi na nani, anategemea nini, na kwamba mtaa unathibitisha hana uwezo.

Kuna hali mbili za watoto wachanga ambazo hazingoji. Ya kwanza ni mguu kifundo, nyayo zilizogeukia ndani tangu kuzaliwa. Haijasababishwa na jicho la mtu wala na mama kukaa vibaya akiwa mjamzito. Tiba yake ikianza katika wiki za mwanzo ni rahisi kushangaza: mguu hunyooshwa taratibu kwa mkono na kufungwa plasta ngumu, lile tuliitalo hogo, linabadilishwa kila wiki, mara nyingi kati ya tano na saba. Watoto wengi hukatwa kidogo mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, kisha hogo la mwisho hukaa wiki tatu. Baada ya hapo huja viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu hadi mtoto afikishe miaka minne au mitano. Hapo ndipo tiba nyingi huharibika. Mguu umenyooka, mtoto analia usiku, bibi anasema mvulieni apumzike, na baada ya miezi mguu unarudi ulikotoka. Mtoto akilia, angalia kama kisigino kimekaa chini kabisa ndani ya kiatu na soksi haijakunjamana. Mara nyingi kilio kinatoka hapo.

Ya pili ni mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga tangu tumboni, na kichwa kikubwa, yaani maji kujaa kichwani. Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, utosi uliotuna, macho yanayoangalia chini kama jua linalozama: hiyo ni safari ya hospitali leo, si baada ya arobaini. Kwa upasuaji wa aina hiyo rufaa hupelekwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Hospitali ya CCBRT nayo iko Dar es Salaam, kwa macho, mguu kifundo, midomo iliyopasuka na viungo bandia. Upande wa kaskazini kuna hospitali ya KCMC ya Moshi, ambako pia wanafundishwa mafundi wa viungo bandia. Kabla ya kupanda basi stendi ya Kange, piga simu uulize siku ya kliniki inayokuhusu. Kliniki hizi zina siku zake, na ukifika siku isiyo yake utalala mjini kwa gharama zako.

Kwa ugonjwa wa akili na kifafa, usiache kutaja Lutindi, hospitali ya kanisa iliyo milimani Korogwe. Ni ya zamani kuliko wengi wetu humu. Lakini kifafa hakihitaji kwenda mbali: dawa zake hupatikana vituo vya chini, na kinachoharibu ni kuziacha ghafla kwa sababu degedege limetulia. Limetulia kwa sababu ya dawa.

Sasa kiti cha magurudumu. Hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo wema mwingi hugeuka madhara.

Kiti kinachotolewa jukwaani mbele ya kamera, saizi moja kwa watu ishirini, ni kiti cha kubebea wagonjwa hospitalini. Kimeundwa kwa sakafu ya vigae na kwa dakika ishirini. Mtu akikikalia saa kumi kwa siku katika mchanga wa Mwakidila atapata mgongo uliopinda na kidonda cha makalio. Kiti hupimwa, kama suruali kwa fundi. Mtu aketi kwenye benchi gumu, mgongo wima, nawe uwe na futi ya fundi cherehani. Upana wa nyonga, sehemu pana kuliko zote, ndio upana wa kiti. Kikizidi sana mtu huegemea upande mmoja. Urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3 hadi 6, ndio kina cha kiti. Usipozitoa, ukingo unabana mishipa nyuma ya goti na mtu huteleza mbele ili kuukwepa. Pima miguu yote miwili, na kama haiko sawa tumia mfupi. Kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino ndiyo nafasi ya kikanyagio, ikipimwa kuanzia juu ya mto utakaokaliwa. Mguu ukining'inia, uzito wote unahamia kwenye paja; kikanyagio kikiwa juu mno, magoti yanapanda na uzito unarudi kwenye makalio.

Mto si pambo. Sponji nzuri hubonyea na kurudi. Ukiibonyeza kwa ngumi ukahisi ubao, imekufa, ibadilishwe. Mwenye kukosa hisia chini ya kiuno hajui kuwa anaungua mpaka kidonda kiwe kirefu. Kila baada ya dakika 20 hivi ainame mbele au alalie upande, dakika moja au mbili kila upande. Asubuhi na jioni mtu amwangalie ngozi. Wekundu au weusi mpya usiopotea kwa nusu saa ni onyo: asikalie hapo tena mpaka upotee. Kidonda cha namna hiyo kimeua watu ambao uti wa mgongo haukuwaua.

Kisha barabara. Magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani na kumtupa mtu kifudifudi. Kwa mitaa yetu ya nje, kiti chenye matairi matatu, au chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali, hupita vizuri zaidi kuliko kile cha hospitali. Uliza pia saizi ya tairi kabla hujakipokea. Tanga tumejaliwa: huu ni mji wa baiskeli, spea zipo Ngamiani, na fundi anayejua spoki, beringi na ringi ya baiskeli anakijua kiti chako nusu ya kazi. Lakini kiti kikija na tairi isiyouzwa nchini, siku tyubu inapopasuka ndiyo siku kiti kinapogeuka banda la kuku.

Adui wa pili ni chumvi. Aishiye Sahare au Raskazone, upepo wa bahari unakula chuma usiku kucha. Futa kiti kwa kitambaa cha maji matamu, kausha, tia tone la mafuta kwenye maungio kila wiki, na grisi kwenye beringi fundi anapofungua. Upepo wa matairi upimwe kwa kidole gumba: likibonyea kwa urahisi, breki haishiki na mabega ya anayejisukuma yanalipa gharama. Spana namba 10 na 13 na pampu ya baiskeli vinatosha kwa kazi nyingi za nyumbani.

Na mlango wa nyumba. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu ipate sentimita 12 za kwenda mbele. Nyumba za Ngamiani zenye baraza la sentimita 45 zitahitaji mita 5.4, na hizo zitaingia barabarani. Kwa hiyo mteremko uende sambamba na ukuta, wenye upana usiopungua sentimita 90, na sehemu bapa ya mita moja na nusu mbele ya mlango ili mtu afungue bila kurudi kinyumenyume. Mafundi hupenda kumaliza kwa saruji laini ing'ae. Mzuie. Apige mistari kwa fagio saruji ikiwa mbichi. Mbao mbili za kuegesha mlangoni, zile ambazo kila mtu huanza nazo, huteleza siku ya mvua.

Magongo hayahitaji maneno mengi: kichwa cha gongo kiwe vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na kiwiko kikunjike kidogo mkono ukishika. Uzito ukae mkononi. Mwenye kuning'inia kwa kwapa huja kufa ganzi vidole. Mpira wa chini ukiisha, badilisha siku hiyohiyo.

Wenye ualbino: kofia yenye ukingo pande zote, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua yanayorudiwa kila saa mbili mtu akiwa nje, na ngozi ikaguliwe kila miezi sita hata kama hakuna kinachouma. KCMC wanatengeneza mafuta hayo humu nchini. Muulize mganga wa wilaya na Chama cha Watu wenye Ualbino yanafika lini na wapi. Mafuta ya nywele na ya nazi hayakingi jua. Mtoto akae mbele darasani na apimwe macho, maana karibu wote huona hafifu, na wengi huadhibiwa kwa kutonakili ubaoni kitu ambacho hawakukiona.

Shule. Mtoto asiyeona mkoani kwetu ana Pongwe hapa Jijini na Irente kule Lushoto, ambako pia kuna shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Lakini nafasi haichukuliwi kwa kubeba mtoto na begi hadi getini. Afisa elimu maalumu hupanga apimwe kwanza, kwa sababu wapo watoto wanaopelekwa shule ya wasioona na kumbe miwani ingewatosha darasa la kawaida. Kwa mtoto kiziwi, haraka ni ya lugha. Kila mwaka unaopita bila alama nyumbani ni mwaka ambao hakupata lugha yoyote, na mama akijifunza alama hamzuii mtoto kusema. Mitihani ya taifa ina nafasi yake pia: mtahiniwa asiyeona au mwenye uoni hafifu hupata karatasi ya nukta nundu (breli) au ya maandishi makubwa, na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Hayo hujazwa wakati wa kusajili mtahiniwa. Mwalimu mkuu akisahau kuweka alama hapo, asubuhi ya mtihani hakuna wa kulirekebisha.

Aliyevuka umri wa shule ana chuo cha ufundi kwa watu wenye ulemavu cha Masiwani, hapahapa Tanga, na kingine cha Yombo, Dar es Salaam. Na waajiri mnaotusikia: sheria ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kwenye mia moja ni watatu. Viwanda vya saruji, mkonge na bandari vyote vimo kwenye hesabu hiyo.

Mikopo ya halmashauri tunajua ndiyo mliyoingojea. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na idadi ya wanachama inayotakiwa imewahi kubadilishwa, hivyo usitumie kanuni uliyoisikia miaka mitatu iliyopita. Chukua ya sasa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mtahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki na mchanganuo wa biashara. Maombi hukataliwa kwa mambo madogo: sahihi ya katiba na ya benki hazifanani, au mchanganuo umenakiliwa kwa kikundi kingine hata jina la kijiji chao limesahaulika ndani. Yapo pia makundi ya jina tu, yenye mwenyekiti mmoja mwenye ulemavu aliyewekwa kwenye picha na wengine wanaochota fedha. Deni likija, anayedaiwa ni yeye.

Hesabuni marejesho kabla ya kuomba. Milioni 2 kwa miezi 12 ni karibu 167,000 kila mwezi, mkiwa na faida au bila. Mtu wa kukaanga samaki ajue kwamba kusi, upepo mkali wa katikati ya mwaka, ikivuma bahari inachafuka, samaki wanapungua na bei ya kununulia inapanda. Miezi hiyo faida inaweza isifike hata nusu ya rejesho. Ombeni muda wa kusubiri kabla ya kuanza kurejesha kwenye mchanganuo wenyewe, au wekeni akiba msimu wa kaskazi kwa ajili ya kusi. Ushonaji na ufundi baiskeli havina kusi, ila vina washindani wengi. Kaya zilizo hoi kabisa, ambazo mkopo utaziumiza, zipelekwe TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kupitia mkutano wa mtaa wakati wa utambuzi. Anayekosa mkutano huo hukosa awamu nzima.

Jiungeni na vyama vyenu: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, CHAWATA kwa ulemavu wa viungo, TAS kwa wenye ualbino, na juu yao SHIVYAWATA, shirikisho la wote. Kwa Tanga wapo pia YDCP, shirika lililojikita katika huduma za utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kujitegemea, ngazi ya jamii. Na tuseme hapa neno moja: viziwi wenyewe wamejiita viziwi kwenye jina la chama chao. Neno lisilotakiwa ni bubu.

Ukinyimwa huduma, usigombane dirishani. Andika barua ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wa halmashauri, useme ulienda lini, ofisi gani, ukaambiwa nini, unaomba nini. Chapa mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nayo iingie kwenye bahasha. Barua isiyogongwa mhuri haikuwahi kuandikwa. Nakala ipeleke kwa kamati ya kata. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hutoa huduma hiyo bila malipo, na afisa ustawi anajua walipo. Mtoto akiwa hatarini, namba ni 116, haitozi, na jirani pia anaruhusiwa kupiga.

Maswali tutayachukua baada ya dakika kumi. Wasiotaka kuuliza mbele za watu waandike kwenye karatasi, na wasioandika wamnong'oneze mtendaji wao. Walioleta viti vya magurudumu watoke kwanza kwa mlango wa upande wa mwembe, usio na ngazi. Fundi baiskeli amekaa kivulini na pampu, grisi na spana zake hadi adhuhuri. Atakaza na kujaza upepo, ila tairi na tyubu kila mtu anunue zake.